Mara Tisa wa Akiba, Mara Moja Angani

Tarehe 30 Novemba mwaka huu wa 1988, Kanali Tikhon Lavrentyevich Zabrodin anastaafu baada ya miaka ishirini na saba, miezi minane na siku kumi na sita ya utumishi katika kikosi cha wanaanga. Hizo siku kumi na sita amezihesabu mwenyewe, kisha akaja karakana kuhakikisha kwamba nimeziandika. Katika muda wote huo alikaa angani siku nane. Muda uliobaki alikaa duniani akisubiri zamu yake, na mimi nilikaa naye nikimpima tumbo.

Kamati ya gazeti letu la ukutani ilipenda wasifu huu uandikwe na mtu mwenye shahada. Mhusika alikataa. Alisema anayemjua vizuri ni yule aliyeshuhudia kiuno chake kikipanuka kutoka sentimita themanini na mbili hadi mia moja na nne, na mtu huyo ni mimi, Klavdia Arkhipovna, mkuu wa karakana ya mavazi ya anga. Shahada sina. Nina futi ya kupimia na kumbukumbu nzuri, na kwa kuwa nami nastaafu mwakani, hakuna wa kunitisha.

Zabrodin alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji kando ya mto Oka, mtoto wa fundi mapipa. Alikuwa rubani wa ndege za kivita huko kaskazini alipoitwa mbele ya kamati ya uteuzi. Wenzake wote walipoulizwa kwa nini wanataka kwenda angani, walijibu habari za sayansi na taifa. Yeye alijibu kwamba mama mkwe wake amehamia kwao na nyumba ina chumba kimoja. Daktari wetu, Faina Maksimovna, aliandika kwenye faili lake maneno manne tu: akili timamu, nia thabiti. Faili hilo lipo mpaka leo, na mama mkwe naye yupo, ana miaka tisini na moja.

Mafunzo aliyaanza kwa kelele. Mnakumbuka chumba cha ukimya, ambamo mtu hufungiwa siku kumi peke yake, bila saa wala redio, ili ionekane kama atachanganyikiwa. Zabrodin hakuchanganyikiwa. Alikiweka kiti mbele yake na kuanza kukisimulia kisa cha mjomba wake na mbuzi aliyemeza muhuri wa ofisi ya kijiji. Mafundi waliokuwa wakimsikiliza kwa vipaza sauti walianza kuwahi kazini, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Siku ya kumi mlango ulipofunguliwa, mbuzi alikuwa bado hajautoa muhuri. Mafundi wakaandika barua kuomba majaribio yaongezwe siku mbili.

Halafu kuna suala la kijiko. Kila mwanaanga hutengenezewa kiti cha umbo lake mwenyewe: unavaa nguo ndefu za ndani, unalala kwenye plasta laini, plasta inakauka, na alama ya mgongo wako inabaki pale. Siku ya Zabrodin ilikuwa karibu na saa ya chakula. Akachomeka kijiko kiunoni ili asichelewe kantini, akalala kwenye plasta, usingizi ukamchukua. Tulipomtoa kwa nyundo ndogo, alama ya mgongo ilikuwa imetoka vizuri sana, na chini yake kulikuwa na alama ya kijiko, mpini na kila kitu. Wahandisi walisema kurudia kazi kutachukua wiki sita. Basi kiti kikatengenezwa hivyo hivyo, na tangu siku hiyo Zabrodin alilazimika kukikalia akiwa na kijiko kiunoni, maana bila kijiko ule ukingo wa shimo ulikuwa unamchoma. Viti vipya alivyotengenezewa baadaye vilinakiliwa kutoka cha kwanza, kwa hiyo shimo la kijiko likaingia rasmi kwenye michoro.

Sasa nifike mahali ambapo si pa kucheka sana. Kila chombo kinaporushwa kuna wanaanga wanaokwenda na wengine wa akiba. Mtu wa akiba anajifunza kila kitu, anasafiri mpaka kule nyikani kwenye uwanja wa kurushia, anavaa vazi lake na kukaa tayari mpaka dakika ya mwisho. Yule wa kwanza asipougua, wa akiba anavua vazi na kurudi nyumbani kwa treni. Zabrodin alikuwa wa akiba mara tisa, kuanzia mwaka 1964. Mara tisa alishika ndoo ya maji wenzake wakipanda miti yao kule nyikani, kama ilivyo desturi kwa anayekwenda. Mara tisa basi la kwenda kwenye roketi lilimwacha amesimama.

Watu wengine wa akiba, bila kuwataja, huwa wanasikiliza kwa makini sana mwenzao akipiga chafya. Zabrodin alikuwa kinyume. Mara mbili niliona kwa macho yangu mwenzake akianza mafua siku tatu kabla ya safari, naye akakimbia kumletea jamu ya rasiberi na soksi zilizotiwa unga wa haradali mpaka akapona. Mara ya pili nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba angekaa kimya tu, wala hakuna dhambi ndani yake, angekuwa anakwenda yeye. Akanijibu kwamba anataka kwenda, lakini hataki kwenda kwa sababu ya kamasi za mtu. Mke wake, Evdokia Prokhorovna, alizoea kuandaa meza ya watu wawili kila chombo kilipokwisha kuruka, maana alijua atarudi. Yule mama hakuwahi kulalamika mbele yetu. Mimi nililalamika kwa niaba yake.

Na miaka haikungoja. Mizani ya Faina Maksimovna ilianza kumsema vibaya. Sasa naweza kukiri kwamba mara tatu nilifumua mishono ya vazi lake na kuipanua bila kuandika popote, na kwamba kuna wiki ambayo alikula kabichi tupu mpaka majirani wakalalamika. Mwaka 1977 alikuwa na miaka arobaini na saba. Faina Maksimovna, ambaye si mtu wa kuzungusha maneno, alimwambia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho anasaini. Safari hii jina lake liliandikwa la kwanza, pamoja na la nahodha wake, Ildar Safiullin. Wa akiba wake alikuwa Gleb Sukhanov, kijana wa miaka thelathini na moja, mzima kama chuma na mwembamba kiasi cha kunitia hasira.

Asubuhi ya safari ilianza vizuri. Zabrodin alikuwa ameshapanda mti wake jana yake, na kwa mara ya kwanza ndoo ilishikwa na mtu mwingine. Wote tulikaa kimya dakika moja juu ya masanduku, kama inavyopaswa kabla ya safari yoyote, kuanzia Jenerali mwenyekiti wa tume ya urushaji hadi mpishi. Nikamvisha, nikamfunga kila kifungo, akatoa ripoti yake kwa Jenerali na basi likaondoka. Lilikwenda mita mia mbili, likasimama. Mlango ukafunguka, na tukamwona Zabrodin akirudi mbio, kama mbio unaweza kuziita hivyo mtu akiwa ndani ya vazi la kilo kumi lililotengenezwa kwa ajili ya kukaa.

Alikuwa amesahau kijiko. Akakichukua mezani kwangu, akakichomeka mahali pake, akarudi kwenye basi. Alipoweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasimama na kugeuka rangi.

Mnajua wenyewe sheria. Mtu akishatoka, kisha akarudi kuchukua kitu alichosahau, ni lazima ajitazame kwenye kioo na kujitolea ulimi kabla ya kutoka tena. Asipofanya hivyo, safari imeharibika. Na kioo kikubwa cha chumba cha kuvalia kilikuwa kimeondolewa wiki ile ile na mafundi rangi, wakakipeleka wanakojua wao.

Zabrodin ni mwanachama wa chama tangu ujana wake, mtu wa sayansi, tena amefundisha somo la kupinga ushirikina kwa miaka minne. Hakuweza kusema mbele ya tume kwamba anataka kioo. Lakini mguu wa pili nao ulikataa kupanda. Akabaki vile, nusu nje na nusu ndani. Faina Maksimovna akamshika mkono na kutangaza kwamba mapigo ya moyo ni mia moja thelathini na nane. Pembeni, Gleb Sukhanov akaanza kuvaa glovu zake polepole. Simlaumu, ndiyo kazi ya mtu wa akiba, na nina hakika Zabrodin aliziona glovu zile. Miaka kumi na mitatu alikuwa anazivaa yeye.

Jenerali akaja kwa hatua ndefu. Nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika sindano, nikasikia kila neno.

"Ndugu Zabrodin, unaogopa?"

"Siogopi, Ndugu Jenerali."

"Sasa shida nini? Panda basi."

"Nimerudi nyuma, Ndugu Jenerali."

Jenerali akakitazama kijiko, akautazama mlango wa chumba cha kuvalia. Kisha akanyanyua sauti ili tume nzima isikie.

"Katika nchi hii hatuamini mambo ya kishirikina." Halafu akainama karibu na sikio langu. "Klavdia Arkhipovna, hakuna hata kakioo ka kunyolea?"

Hakukuwa na hata kakioo ka kunyolea. Wanasayansi kumi na wawili wa taifa kubwa walijipapasa mifukoni. Mmoja alitoa kisanduku cha sigara kinachong'aa, lakini kilimwonyesha Zabrodin akiwa na pua mbili. Dereva wa basi akajitolea kioo chake cha pembeni, na hapo mjadala mzito ukazuka, kwa kuwa kioo cha gari kinaonyesha ya nyuma, na haiwezekani mtu anayekwenda mbele atazame ya nyuma. Faina Maksimovna, mwenye shahada mbili za udaktari, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika kukikataa kioo cha dereva. Jenerali akatazama saa. Tulikuwa tumeshapoteza dakika tisa, na kule kwenye roketi walishaanza kuuliza kwa simu kama tumelala.

Nilimtazama Zabrodin. Alikuwa ameshaacha kututazama. Alikuwa akimtazama Gleb, na uso wake ulikuwa ule ule ninaoujua, wa mtu anayejiandaa kushika ndoo. Nikaanza kufikiria nitakavyofungua vile vifungo vyote tena, kimoja kimoja, na mkono wake utakavyokuwa mzito, na ndipo nilipokumbuka kitu nilichokishona mwenyewe kwenye huo mkono.

Mavazi yetu yote yana kioo kidogo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kimewekwa ili mwanaanga aone vipimo vilivyo kifuani, maana akiwa amevaa kofia ya chuma hawezi kuinama. Zabrodin alikuwa amejifunza kukitumia kwa miaka kumi na mitatu. Tume nzima ilikuwa na michoro yake. Si yeye, si tume, si mimi, hakuna aliyekikumbuka.

"Tisha," nikamwambia, kwa kifupi cha jina lake Tikhon, "tazama mkono wako, mjinga wewe."

Akaunyanyua mkono. Akajitazama. Akajitolea ulimi mrefu, wa raha, ambao sijawahi kuona mfano wake kwa mtu wa cheo chake. Jenerali akasogea, akainamisha kichwa na kuchungulia kwenye kile kioo kwa haraka, kwa sababu naye alikuwa amerudi hatua mbili. Nina hakika midomo yake ilifunguka. Kisha akapiga saluti, Zabrodin akapanda kwa miguu yote miwili, na basi likaondoka.

Nililia, sitaki kuficha. Gleb Sukhanov alivua glovu zake na kunikabidhi. Kisha akachukua ndoo na kwenda kuumwagilia mti wa Zabrodin, bila kuambiwa na mtu. Leo Gleb ana safari tatu, na ndiye aliyechangisha zawadi ya leo.

Kuhusu siku nane zenyewe, ripoti rasmi ina kurasa mia nne na imejaa vipimo. Mimi nitaongeza mambo mawili tu. La kwanza ni konokono. Zabrodin alipewa konokono wawili wa majaribio, na siku ya tatu akatoa taarifa kwa redio kwamba wafanyakazi wote wanne ni wazima na wamekula. Chombo kilikuwa na watu wawili. Kituo cha kuongozea safari kilikaa kikao cha dharura cha dakika arobaini, mpaka Ildar Safiullin alipochukua kipaza sauti na kueleza nani ni nani. Konokono mmoja alikuwa ameshapewa cheo cha luteni.

La pili ni kutua. Walitua salama, isipokuwa walikosea kilomita sitini, na Ildar alikuwa na kizunguzungu cha kumfanya alale pale pale kwenye majani. Mtu wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja Mkazakh aliyepanda punda. Akamtazama Zabrodin kwa muda, akaitazama parachuti, akamuuliza swali moja.

"Wewe uliyetoka juu, hujamwona ngamia wangu?"

Zabrodin alikuwa amemwona kweli, wakati wanashuka, nyuma ya kilima cha upande wa mashariki. Akaonyesha kwa kijiko. Helikopta ya uokoaji ilipofika saa moja na nusu baadaye, iliwakuta wanaanga wawili wameketi juu ya zulia wakinywa chai ya maziwa, na ngamia amefungwa kwenye kamba ya parachuti. Mpaka leo yule bibi huwa anamtumia vipande vya jibini kavu kila vuli. Ni vigumu kutafuna, lakini Zabrodin anasema ndiyo malipo pekee aliyopewa na mtu aliyemsaidia kwa dhati kutoka angani.

Jioni aliyorudi nyumbani, Evdokia Prokhorovna alikuwa ameandaa meza ya mtu mmoja. Alimweleza kwamba kwa mara ya kwanza hakujua kama atarudi, na hakutaka kuandaa sahani ya pili halafu aitazame. Zabrodin aliniambia hayo mwenyewe, na ndiyo mara pekee niliyomwona akimaliza kusimulia bila kuongeza mbuzi.

Kwa miaka kumi na moja iliyofuata amefundisha vijana. Wote waliopita mikononi mwake wanajua kufunga hewa ya chombo kwa sekunde tisa, na wote wanajua kulala wakiwa wamekaa. Kwa watu wa akiba alikuwa na somo la peke yake, alilolifundisha mlango ukiwa umefungwa. Sijui alikuwa akiwaambia nini. Ninachojua ni kwamba waliotoka humo waliacha kusikiliza chafya za wenzao, na wanaume wazima walikuja karakana kwangu kuomba leso.

Wiki iliyopita alikuja kupimwa suti yake ya kiraia. Alikuwa amejaribu kila njia ya kubaki, hata akakariri herufi zote za ubao wa kupimia macho, lakini Faina Maksimovna akabadilisha ubao. Alisimama mbele yangu amenyanyua mikono, nami nikazungusha futi pale nilipoizungusha miaka yote.

"Klava," akasema, "wiki ijayo nikirudisha kitambulisho getini, ndiyo basi. Mara hii hakuna hata akiba."

Sikumjibu, nilikuwa na pini mdomoni. Namjibu hapa, mbele ya kila asomaye ukuta huu.

Tikhon Lavrentyevich, mara tisa tulikuacha umesimama, ukatupungia mkono na kutabasamu, na sisi tukadhani ni jambo rahisi. Safari hii wewe ndiye unayeondoka na sisi ndio tunaobaki, na si rahisi hata kidogo. Tunakushukuru kwa miaka yote, kwa jamu, kwa vijana uliotulelea na kwa mbuzi, ambaye bado hatujui kama aliutoa ule muhuri. Matango yako ya achari yasilainike, magoti yako yaache kukusumbua, na Mungu ambaye hatumwamini akuzidishie siku kwa sababu ulizonazo tumezizoea.

Baada ya sherehe tutakaa wote dakika moja, kimya, kama inavyopaswa. Jenerali amekuja kutoka nyumbani kwake na ameomba kiti kigumu. Kisha utatoka getini ukiwa na suti yako mpya, na utafika kituo cha basi kabla ya kuhisi baridi kichwani. Kofia yako ya manyoya iko kwangu karakana, nimeificha mimi mwenyewe, na nitakupa ukiimaliza ile hadithi. Mlinzi ameshaambiwa akupitishe leo na siku zote, bila kitambulisho.

Getini, kwa urefu wa uso wako, tumetundika kioo.